Madoa ya Saa Tatu

Jumatatu, 1 Aprili 2024

Daftari hili si la madoa. La madoa liko kwa Gikonyo, nyuma ya duka lake, na safu yake ya maelezo ni nyembamba kama kidole. Huwezi kuandika humo zaidi ya "upepo" au "vumbi". Mengine nitayaandika hapa mpaka mvua zipungue, au mpaka nichoke.

Kwa atakayeliokota: mimi ni Sylvia Nasike, karani mstaafu wa stoo ya mahindi, mkazi wa mtaa wa West Indies, Eldoret. Kila asubuhi saa tatu, mimi na Gikonyo mwenye hadiwea tunahesabu madoa ya jua. Hatulitazami jua kwa macho, bado tuna akili zetu. Darubini ndogo inaelekezwa juu, inatupa picha ya jua ndani ya katoni, juu ya karatasi nyeupe, duara la ukubwa wa sahani. Madoa yanaonekana hapo kama alama za penseli. Mmoja anahesabu, anaandika kwenye kikaratasi, anakikunja, kisha mwenzake naye anahesabu. Tunavifungua pamoja na kuingiza kwenye rejista. Jumapili natuma takwimu za wiki kwa kituo fulani kule Ulaya kinachokusanya hesabu za watu kama sisi, maelfu kwa maelfu.

Mwalimu Okumu alipotuanzisha Julai 2013 tulikuwa saba. Yeye alihamishiwa shule ya huko Ziwa, wengine walichoka, tumebaki wawili. Tarehe thelathini Juni tutatimiza miaka kumi na moja, yaani jua litakuwa limejaa madoa na kupungukiwa na kujaa tena, mzunguko mzima. Kituo kimesema anayetimiza mzunguko mzima bila kuyumba anaingia kwenye orodha ya wale ambao hesabu zao hutumika kupimia za wengine. Nilifanya kazi ya stoo miaka thelathini na mmoja na orodha pekee niliyowahi kuingia ni ya kustaafu. Hii ya madoa nitaingia.

Leo: mimi 22, Gikonyo 25.

2 Aprili

Mawingu. Mstari.

3 Aprili

Mawingu. Mstari.

4 Aprili

Mvua imeanza kwa bidii. Wenye mashamba ya Sugoi wanachekelea, mahindi yako ardhini. Mimi nachora mstari mwingine.

Nieleze huu mstari, kwa sababu ulinitia aibu. Mwaka ule wa kwanza, siku za mawingu nilikuwa naandika sifuri. Stooni hatukuacha nafasi wazi kwenye rejista, nafasi wazi ni mlango wa mwizi. Mwisho wa mwezi Mwalimu Okumu akaja na karatasi mkononi. "Mama Phineas, hizi sifuri ni za nini?" Nikamwambia hatukuona kitu. Akasema, "Sifuri inasema uliangalia jua lote na halikuwa na doa hata moja. Kama hukuliona jua, umeshuhudia nini? Chora mstari, unyamaze." Mwezi mzima ukatupwa. Sijawahi kurudia.

9 Aprili

Mimi 20, Gikonyo 22.

Gikonyo ni mtu wa kupendeza watu. Mteja akiuliza kama rangi hii itadumu, itadumu. Akiuliza kama ile nyingine ni nzuri zaidi, ndiyo, ni nzuri zaidi. Hata misumari anaipima huku anauliza habari za watoto. Simchukii. Lakini mtu anayetaka kila mtu atoke dukani akitabasamu, hesabu zake ziangalie mara mbili.

Leo amenitania: "Mama Phineas, hiyo biro yako siku moja itatoboa meza yangu."

Ni kweli, nahesabu nikigonga. Stooni niligonga ubao wa lori, gunia moja, pigo moja. Mkono haujui kwamba nimestaafu.

14 Aprili

Tulihesabu kabla ya kanisa. Mimi 18, Gikonyo 21. Nimemwambia abadilishe karatasi ya katoni, hii ya sasa imekaa manjano. Akasema ni ile ile tuliyotumia mwaka jana. Nikamwambia basi hata kiwanda kimeanza kulaghai watu.

15 Aprili

Mawingu. Mstari.

20 Aprili

Mimi 16, Gikonyo 19.

Mchana nilikuwa nashona kifungo. Nilimwita dada yangu Nabalayo, ambaye tunaishi pamoja tangu mume wangu afariki, aje atie uzi kwenye sindano. Sindano za siku hizi wanazitoboa kwa uchoyo. Nabalayo aliutia mara moja, akaniangalia.

22 hadi 28 Aprili

Mawingu, mawingu, mawingu. Mistari saba. Redio ni mafuriko tu. Mwanangu Phineas amepiga simu kutoka Nairobi, yuko salama, ila barabara ya kwao imekuwa mto.

29 Aprili

Shule hazikufunguliwa kwa sababu ya mvua. Duka la Gikonyo limejaa watoto wa majirani wanaotumwa turubai. Mstari.

6 Mei

Mawingu. Mstari. Gazeti nimeliacha ukurasa wa pili. Wanachapisha kwa wino hafifu sana siku hizi.

8 Mei

Jua lilitoka kwa robo saa. Kuna kundi kubwa limeingia, kubwa kweli, kama mtu amemwaga chai kwenye karatasi. Sijaona kitu cha namna hiyo tangu tuanze. Gikonyo alipiga kelele, "Ngai! Njoo uone hii kitu!" Nikamkemea. Kanuni ni kwamba hakuna kuambiana kabla ya vikaratasi kufunguliwa.

Mimi 30, Gikonyo 44.

Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema labda amezidisha kidogo. Nikashangaa. Doa liko au haliko, kuzidisha kunatoka wapi?

Ijumaa, 10 Mei

Leo ilikuwa sikukuu ya kupanda miti nchi nzima. Gikonyo alifunga duka, akapanda miche mitatu ya msonobari kando ya uzio, akanawa mikono, tukahesabu. Anga lilikuwa safi kabisa, hata upepo haukuwepo. Siku kama hii haina kisingizio.

Mimi 34. Nikafungua chake: 58.

"Baba Waceke," nikamwambia, "hii ni nini?"

"Ni hesabu."

"Hamsini na nane?"

"Mama Phineas, ile kundi kubwa peke yake iko na zaidi ya thelathini. Kuna zile ndogo ndogo zimeizunguka, kama wimbi imemwagika."

"Mimi nimeangalia kundi hilo hilo. Hakuna wimbi wala mtama. Kuna doa kubwa na mengine machache."

Akibanwa huwa anakuna sikio, na alilikuna.

"Basi andika arobaini na tano," akasema.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. "Unanipunguzia bei? Hii ni rangi ya ukuta? Miaka kumi na moja tunajenga kitu, zimebaki wiki saba, halafu wewe unaandika hamsini na nane kwa sababu umefurahi, na nikikuuliza unashuka mpaka arobaini na tano! Ni ngapi?"

"Ni hamsini na nane," akasema polepole.

Niliandika 58 kwenye safu yake, kwa sababu rejista si yangu ya kuchagua. Nilipiga mstari chini yake kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. Sikunywa chai yake. Nilipofika nyumbani nilimwambia Nabalayo kwamba Gikonyo ameanza kubuni madoa. Akauliza, "Abuni ili apate nini?" Nikasema wapo watu wasioweza kuacha kitu kizuri bila kukitia chumvi.

11 Mei

Mimi 31, yeye 55. Tulisalimiana kwa kichwa.

12 Mei

Mimi 27, yeye 51. Hatukusalimiana.

13 Mei

Mawingu. Mstari. Shule zimefunguliwa. Nilifurahi kwa ajili ya mawingu, jambo ambalo sijawahi kuliandika.

19 Mei

Kundi kubwa limezunguka na jua, limetokomea upande wa pili. Mimi 15, yeye 17. Unaona? Siku za kawaida tunakaribiana. Anaharibu siku kubwa tu.

27 Mei

Mimi 14, Gikonyo 16. Alinipa chai, nikanywa. Tuliongea kuhusu viazi.

Jumatatu, 3 Juni

Imeli kutoka kituoni. Nimeisoma mara nne, Nabalayo akanisomea ya tano. Wanatupongeza, miaka kumi na moja inakaribia. Kisha wanasema kwamba tangu Februari hesabu za meza yetu zimeshuka chini ya za wenzetu duniani, na katikati ya Mei sisi wawili tumetofautiana mno. Wanatuomba tuchunguze kabla ya orodha kufungwa tarehe thelathini. Hawasemi ni nani. Wana adabu ya ofisi.

Hii ya kushuka sikuielewa. Gikonyo anazidisha, meza ingeshukaje?

4 Juni

Nilimpigia Mwalimu Okumu, Ziwa. Kulikuwa na kelele za soko. Nilimweleza yote, na nikamwambia wazi kwamba nataka Gikonyo aondolewe kabla hajanizamisha.

Akauliza, "Umempima?"

"Nimpime vipi?"

"Mama, wewe ni mtu wa stoo. Kama makarani wawili wanapingana, mnafanya nini?"

"Tunahesabu kitu kinachojulikana."

"Basi hesabuni kitu kinachojulikana. Nyinyi wote wawili."

Hayo maneno ya mwisho niliyaona ya adabu tu.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika mchana, dirishani, kwa sababu leo nataka kila kitu kikae sawa kabla sijaanza kukipamba.

Nilichukua wimbi jikoni, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema wimbi. Nilimchukua Nabalayo awe mtu wa tatu. Mpango ulikuwa wangu wote: Nabalayo anaingia peke yake nyuma ya duka, anatawanya punje kwenye karatasi ile ile ya katoni, anaandika idadi, anaificha. Kisha Gikonyo anahesabu bila kugusa, akisimama pale pale tunaposimama kila siku. Kisha mimi. Mara tatu.

Gikonyo hakupinga. Alisema tu, "Lazima, Mama Phineas?"

"Lazima."

Mara ya kwanza: Nabalayo 40. Gikonyo 40. Mimi 29.

Nikasema Nabalayo ametupa nyingine nje ya duara. Akasema hapana.

Mara ya pili: Nabalayo 26. Gikonyo 26. Mimi 19.

Mara ya tatu niliomba mlango ufunguliwe wote, mwanga uingie. Niliinama karibu kuliko kanuni inavyoruhusu. Nilihesabu mara mbili. Nabalayo 53. Gikonyo 53. Mimi 37.

Nabalayo alichukua mkono wangu, akauongoza kwenye karatasi, mahali palipokuwa peupe kabisa kwangu. Nikagusa. Punje tatu za wimbi.

Nilikaa kwenye mkebe wa rangi. Karatasi haikuwa manjano. Gazeti halikuwa na wino hafifu. Sindano hazina kosa lolote, maskini. Nilikuwa nimemwita mwenzangu mwongo kwa wiki nne, mbele ya dada yangu na kwa Mwalimu Okumu kwa simu. Nilimwambia Gikonyo, "Nisamehe." Nilisema kwa sauti, Nabalayo ni shahidi.

Ningependa siku iishie hapo. Gikonyo alianza kukuna sikio.

"Mama Phineas, mimi nilijua tangu Februari."

"Ulijua nini?"

"Kwamba huoni zile ndogo."

"Na vikaratasi tunavikunja! Ulijuaje?"

"Biro," akasema. "Wewe ukihesabu unagonga. Mimi nikiwa hapo kwa mlango nasikia. Unagonga kumi na nane, mimi nikienda naona ishirini na nane. Siku ya kwanza nikasema ni uchovu. Siku ya pili, ya tatu..." Aliangalia chini. "Sikutaka ufungue karatasi uone hivyo. Nikawa naandika yangu karibu na yako. Ishirini, ishirini na moja. Mei ndio nilishindwa. Ile jua ya Mei, kupunguza ilikuwa kama kutukana."

Nabalayo alisema, "Uuwi."

Mimi niliuliza swali la karani. "Siku gani?"

"Siku gani nini?"

"Ulipunguza siku gani na siku gani hukupunguza?"

"Sikuandika mahali. Nyingi."

"Siku gani, Baba Waceke?"

"Sikumbuki."

Basi ndivyo ilivyo. Safu yangu ni ya mtu asiyeona, na safu yake ni ya mtu aliyeona akanihurumia. Hakuna ya kuokoa. Meza ilishuka kwa sababu alishuka nami. Na biro ni yangu, nilikuwa namsomea hesabu yangu kila asubuhi kupitia ubao wa meza.

Nilimfokea. Nilimwambia huruma yake imekula zaidi ya panya wote wa stoo yangu. Nilimwambia bora angeniita kipofu mbele ya wateja. Yeye alisimama tu akipokea, mtu mzima wa miaka sitini na sita, na nyuma yake ile miche mitatu ya msonobari. Nikaondoka.

Nitaandika na hili kwa kuwa ni kweli: njiani nililia, na si kwa ajili ya orodha. Tangu nifiwe, hakuna mtu aliyejisumbua kunidanganya kwa ajili ya moyo wangu.

11 Juni

Daktari wa macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Upasuaji Agosti. Ni kijana mpole. Aliniuliza ninafanya kazi gani ya macho. Nikamwambia nahesabu.

12 Juni

Jua lilikuwepo. Sikwenda. Sijui alihesabu ngapi.

14 Juni

Gikonyo alikuja nyumbani na mkate. Nabalayo alimkaribisha, mimi nilijifanya nina kazi. Mwishowe alisema lililomleta.

"Hawa watu wa Ulaya hawatuoni. Futa zile za Februari mpaka sasa, weka mistari. Sema ilikuwa mvua. Mwaka huu nani atabisha kuhusu mvua? Miaka kumi na moja inatimia, unaingia kwa orodha yako."

Sitajifanya malaika. Nilifikiria. Nilifikiria kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Mistari michache, mvua ya kutosha, na jina langu liko kule. Hata la kwake. Naye alianza siku moja na mimi, na hajawahi kuitaja hiyo orodha hata siku moja.

"Mstari nao unasema kitu," nikamwambia. "Unasema hatukulipata jua. Tulilipata, Baba Waceke."

"Basi sema ni mimi. Sema nilibuni. Wewe ubaki."

"Nyamaza ule mkate."

Akala.

16 Juni

Barua imeondoka. Nabalayo alichapa kwa simu, mimi nikisema. Nimeeleza macho, nimeeleza biro. La Gikonyo nilisema kwa maneno haya: "Mwenzangu alipunguza hesabu zake kwa kunistahi, hakumbuki siku zipi." Nimeomba takwimu zetu zote kuanzia tarehe moja Februari zitupwe, za wote wawili. Mfululizo wetu unakoma Januari. Miaka kumi na miezi saba.

Nilibonyeza mwenyewe.

20 Juni

Wamejibu. Wanashukuru, wamezitupa, na hatumo kwenye orodha. Wanasema ni nadra mtu kuwaandikia hivyo, na wanauliza kama meza itaendelea. Sikujibu.

25 Juni

Maandamano mjini. Maduka yamefungwa, hata la Gikonyo. Moshi wa kutoa machozi ulifika mpaka kwetu. Nabalayo alisema jua lilikuwa jekundu.

30 Juni

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nimefua mapazia.

Jumatatu, 1 Julai

Nilikwenda. Saa tatu kasoro dakika tano. Gikonyo alikuwa ameshaweka meza, katoni na darubini, na viti viwili. Niliona ameweka rejista mpya, daftari la kumi na tatu, na safu za hesabu ni mbili, jina lake na langu, kwa mwandiko wake wa kuandikia bei.

"Umeandika jina langu la nini? Mimi sioni."

"Agosti si mbali," akasema. "Na mimi siwezi kuandika vizuri kama wewe."

Nilikaa na mgongo ukutani. Biro niliiweka kwenye mkoba, nikafunga zipu, nikaweka mikono magotini. Akainama. Ilikuwa kimya sana bila kugonga, nikasikia hata maji yakidondoka kutoka kwenye mabati. Alichukua muda mrefu. Akaandika kikaratasi, akakikunja, kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kufungua naye, akabaki amekishika.

"Lete," nikasema.

Nilikisogeza mpaka puani. 41.

"Una hakika?"

Alifikia sikio, akauteremsha mkono bila kulikuna. "Ni arobaini na moja. Wewe ungeona ishirini na tano, kama zinafika."

Katika miaka yote ya kumjua, hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia ambalo halikukusudiwa kunifurahisha. Lilinifurahisha.

Nilitoa biro. Kwenye safu yake niliandika 41. Kwenye yangu nilichora mstari, mrefu, ulionyooka kwa kadiri nilivyoweza kuuona.

"Lakini leo hakuna mawingu," Gikonyo akasema. "Wataona wengine wote wamelipata jua. Watauliza."

Nikamwonyesha ile safu ya mwisho, ya maelezo, nyembamba kama kidole. Nafasi ilitosha. Niliandika: macho.